Shasi Iliyoachwa Wazi

Jumanne, tarehe 16 Novemba 1976. Mvua ilinyesha kabla ya alfajiri, ikaacha ghafla, na asubuhi ile ukungu ulilala juu ya kambi yetu ya wafanyakazi, Panda, hata mabomba ya moshi ya kiwanda hayakuonekana. Tulisikia tu mashine zake. Njia zote zilikuwa tope jekundu. Ndiyo siku Hélène alipotoka nyumbani kwa miguu yake mara ya mwisho, akaja uani kupima gari litakalombeba akiwa amekufa.

Mimi ni Rosalie. Hélène alikuwa jirani yangu kambini, na katika chama chetu cha kina mama wa rozari yeye alikuwa mbele yetu sote. Kwenye vitambulisho tulikuwa na majina mengine, yale ambayo serikali ilitaka, lakini kanisani na uani tuliitana kwa majina ya ubatizo, nami sitamwita vinginevyo.

Chama chetu kina desturi moja: mwenzetu akifariki, tunambeba sisi wenyewe. Tunamtoa nyumbani kwake, tunampandisha garini, tunamshusha makaburini. Wanaume wanachimba na kutembea nyuma. Desturi hiyo haikutuaibisha mpaka tulipomzika Martine, wakati wa mvua za mwaka uliotangulia. Gari lilikuwa la Damas, mume wa Hélène, fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya kampuni. Ni Chevrolet ya zamani, wazi nyuma. Damas alikuwa ameliongezea springi ili libebe mawe ya chokaa kutoka Kakontwe, na likiwa halina mzigo lilisimama juu sana upande wa nyuma. Tulipoinua jeneza la Martine, mikono yetu iliishia njiani. Likainama. Julie, ambaye ni mfupi kuliko sisi sote, alilizuia kwa kifua chake.

"Bamama, muache!" alipaza sauti Lambert, mdogo wake Damas. "Hii haiko kitunga ya mihogo!"

Watu wakacheka, kwenye kilio. Wanaume wakalinyakua jeneza mikononi mwetu na kulisukuma ndani. Hélène alikuwa amemlilia Martine usiku kucha akakauka. Siku ile alilia tena, kwa kicheko kile.

Jioni akamwambia mumewe, "Damas, hii gari ishuke."

"Itashuka. Tumalize kwanza kubeba mawe ya padri."

Mawe ya padri yakaisha, yakaja mengine. Kisha tumbo la Hélène likaanza kuvimba. Daktari alimwambia ukweli kwa upole, naye akarudi nyumbani, akafua mapazia yote, na kumwambia mumewe maneno yaleyale. Safari hii hakuwa anaombea wengine.

Damas alianza kazi wiki hiyohiyo. Alitoa springi alizoongeza. Halafu akafungua ponti, ndivyo mafundi wetu wanavyokiita kile chuma kizito kinachoshika magurudumu mawili ya nyuma. Ponti hukaa chini ya springi. Yeye akaipandisha ikakaa juu yake. Kwa kugeuza hivyo tu, gari likashuka.

Basi Jumanne ile Hélène alikuja ameniegemea, amevaa kitenge chake cha chama. Akageuka, akakaa pale nyuma ya gari, ambapo jeneza huingilia.

"Inafika," akasema. "Muangalie, miguu yangu inagusa udongo."

"Weye uko murefu kama poto ya umeme," Julie akamjibu, akijigonga kifuani. "Kipimo njo minye. Sogea."

Julie akakaa bila kurukia. Akapiga makofi. Nasi wengine tukajipenyeza kandokando yao, kina mama wazima wenye wajukuu, tukibembea miguu. Hélène alikuwa katikati anacheka. Ndipo tukasikia chini yetu sauti, ngo!, chuma kikigonga chuma.

Damas akaingia chini ya gari, akatoka na tope mgongoni. "Ponti inagonga shasi, hii fremu yenye kubeba gari. Kukiwa na uzito, haina nafasi ya kupanda. Nitakata shasi juu yake, huku na huku, nifanye kama mwezi mwandamo. Kisha nizungushie bamba nene."

"Kukata shasi?" Lambert akasema, akimwita kaka yake yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. "Yaya, ule njo mufupa ya mugongo."

"Ninajua."

Damas akatoa chaki mfukoni, akampa mkewe. "Chora weye."

"Minye? Minye najua nini mambo ya shasi?"

"Chora. Ni kazi yako. Weye uko mu ekipi, mu kundi yetu ya kazi."

Akamwonyesha mwanzo na mwisho. Hélène akainama, nimemshika kiunoni, akachora upinde ule polepole juu ya chuma, kama tulivyochora herufi ya C katika darasa la jioni, alikonikokota mimi niliyekuwa naona haya kushika kalamu na mvi zangu. Akachora upande wa kushoto, kisha wa kulia. Alipomaliza akamrudishia mumewe chaki. Tulimrudisha kitandani.

Damas alikata upande wa kushoto kesho yake, akauchomelea bamba, akausugua mpaka usingejua kwamba ulikatwa. Gari lilikuwa limekaa juu ya magogo ya reli, magurudumu yametolewa. Akakata upande wa kulia. Mwezi ule wa chuma ukaanguka chini, akauokota, akauweka dirishani.

Kisha akaacha.

Siku ya kwanza alisema umeme hauna nguvu. Ya pili, baguette, vile vijiti vya kuchomelea, zimeisha. Nikamwona Lambert akimletea pakiti nzima. Siku iliyofuata alisema chuma kinapumzika.

"Chuma kinapumzika?" Julie akamuuliza. "Kimeingia pension?"

Damas hakucheka. Shasi ilibaki na pengo lake upande wa kulia, na ndani ya nyumba Hélène alizidi kuwa mwepesi mikononi mwetu. Kila tulipomgeuza aliuliza, "Amefunga?" Nasi tulisema bado. Hiyo ndiyo ilikuwa tamaa yake iliyobaki duniani: kwamba tumpandishe sisi, bila kicheko cha mtu. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya gari. Sikujua kama sala ya namna hiyo inafaa, lakini niliisali.

Alasiri moja nilimkuta Damas amepiga magoti kando ya gari. Mkono wake ulikuwa ndani ya pengo. Nilifikiri anapima. Kisha nikasikia: "Bwana, Weye unaona. Kazi haijaisha."

Nilitaka kurudi nyuma, akaniona.

"Mama Rosalie," akasema, hakuinuka. "Mu karakana yetu iko sheria. Mashine ikifunguliwa, ekipi yote inabakia. King'ora kinaweza kulia, wengine wanaenda nyumbani, lakini shefu, mukubwa wa kazi, haachilii hata muntu moja ya ile ekipi mpaka ifungwe. Hata kama mtoto wake iko mugonjwa. Haachilii."

Nilisogea karibu.

"Alichora yeye mwenyewe," akaendelea. "Iko mu ekipi. Kazi iko wazi. Mungu hatamwachilia mu katikati ya kazi."

Mimi si mtu wa elimu. Katekista Barthélemy angejua la kumjibu. Nilipiga magoti kwenye tope, tukasali Baba Yetu, na tulipofika "mapenzi yako yatimizwe" sauti yake ilikatika, nikamalizia peke yangu.

Nilimwambia Hélène. Nilidhani ni haki yake. Alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu.

"Anazania Mungu ni shefu wa karakana?" Halafu akageukia ukuta. Alipogeuka tena uso ulikuwa umelowa. "Yaya, niko nachoka. Sibakii sababu ya ile shasi. Niko nabakia sababu yake yeye. Muite."

Damas akaja, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Damas, funga ile kazi."

"Kesho."

"Kila siku kesho. Unipatie ruhusa."

"Shefu haiko minye."

"Kwangu ni weye."

Alitoka. Tulimsikia akiburuta mashine yake ya kuchomelea uani, tukasikia nyundo ikigonga bamba mara chache likae vizuri. Hélène alifumba macho, akasikiliza kama mtu anayesikiliza kwaya. Tulingoja ile sauti ya moto, inayolia kama mafuta kwenye kikaango. Haikuja. Nilipochungulia, Damas alikuwa ameketi kwenye gogo la reli na miwani yake ya kazi usoni, na bamba magotini.

"Amefunga?" Hélène akauliza.

Nilimwambia bado. Ningeweza kudanganya, lakini alikuwa amenifundisha mwenyewe kusoma amri za Mungu.

Alifariki Jumapili, wakati misa ya pili inatoka. King'ora cha karakana hakilii Jumapili. Alikwenda kimyakimya, rozari imezungushwa kidoleni, mume wake amemshika mguu kama mtu anayezuia mlango.

Kesho yake jeneza lilipoletwa, gari lilikuwa palepale, juu ya magogo, limeachwa wazi upande mmoja. Lambert alimwambia Julie kwa sauti ya chini, tena kwa heshima, "Mama Julie, nimepata kamyo, lori ya wale wa chokaa. Iko juu kidogo. Shiye wanaume tutamupandisha. Tafazali."

Julie alitazama kamyo. Alitazama Chevrolet. Akavua kitenge cha pili alichojifunga juu ya kile cha chama, akakisokota kama kamba.

"Tunaenda na miguu," akasema.

"Mama, ni mbali! Na mvua ile inakuya!"

"Weye Lambert, uliona tunaomba ruhusa?"

Tulipitisha vitenge vilivyosokotwa chini ya jeneza, kila mmoja akashika ncha yake, upande huu na upande huu. Likainuka. Lilikuja mpaka kiunoni kwetu, urefu uleule ambao Hélène alikuwa ameupima. Tukatoka uani tukiimba. Kamyo ya chokaa ilibaki tupu.

Barabara ya makaburini inapanda. Mvua ilitukuta kabla hatujafika nusu, vitenge vikalowa na kuwa vizito, na vidole vyangu vikafa ganzi. Tulibadilishana bila kuliweka chini. Wanaume walitembea nyuma na mikono yao mitupu, hakuna aliyecheka. Mahali penye mwinuko mkali Julie aliteleza, goti likagusa tope, na jeneza likayumba. Damas akakimbia kutoka nyuma, akashika pembe.

"Toka, shemeji," Julie akasema, bado amepiga goti. Hakupaza sauti. "Weye ulikuwa na kazi yako."

Sijawahi kuona mtu akiachia kitu namna ile. Alifungua kidole kimoja kimoja. Akarudi nyuma, nyuma ya wanaume wote, nasi tukaendelea. Nilimkasirikia Julie, na nilimkasirikia Damas, na nilikuwa namlilia Hélène, yote kwa pamoja, huku mdomo wangu unaimba Salamu Maria.

Tulimshusha wenyewe. Katekista Barthélemy alisoma, kila mmoja akatupa udongo wake, wanaume wakajaza kaburi. Msalaba uliandikwa Hélène, jina lake la ubatizo, na hakuna aliyeogopa. Mvua ilikuwa imepungua, tukangoja baraka ya mwisho ili tuondoke.

Ndipo Damas akapita katikati ya watu. Nguo zilikuwa zimemshika mwilini. Alisimama upande wa kichwa cha kaburi, akatoa mfukoni ile chaki. Mvua ilikuwa imeilainisha, ikampaka weupe vidoleni.

"Bamama," akasema. "Nilimukatalia kitu moja tu, na kile njo aliniomba."

Julie alikuwa anakamua kitenge chake, akaacha.

"Nilizania naweza kumuzuia. Sikumuzuia. Nimewabebesha mu mvua."

"Sema kwa nguvu," Julie akasema, na sasa alikuwa analia. "Sema kwa nguvu, na Martine asikie kule alipo."

Damas akavua kofia. Aliinua mkono wenye chaki, akamtazama katekista, akatutazama sisi kina mama mmoja mmoja mpaka akafika kwangu, kisha akatazama chini kwenye udongo mpya, akasema kwa sauti ya mtu anayeitana na mwenzake ng'ambo ya mashine:

"Hélène! Naahidi mbele ya Mungu na mbele ya hawa bote. Leo, nikifika nyumbani, nafunga shasi. Ule mustari yako sitausogeza. Muntu wa chama akifa, gari litakuwa mu mulango wake, chini, na minye nitakuwa mbele mu usukani. Mawe sitabeba tena. Na mikono yangu haitagusa jeneza. Batamubeba beye bamama. Kazi imeisha, mama. Uende."