Mtaliano Aliyeangushwa na Guyo

Kila msimu wa siasa ulipofika Isiolo, marehemu Guyo alifufuliwa aje aangushe ndege upya. Aliyemfufua alikuwa mwanawe Godana, ambaye aligombea kiti cha wadi kila uchaguzi na kila uchaguzi akakikosa. Hotuba yake iwe ya maji, ya barabara au ya malisho, ilikuwa lazima ipitie angani kwanza.

"Baba yangu, kwa bunduki kuukuu na risasi moja, aliangusha ndege ya vita ya Mtaliano pale Kulamawe! Mtoto wa mtu kama huyo atashindwa kuwaletea bomba la maji?"

Safari hii mambo yaliharibika. Mpinzani wake Akolong, mfanyabiashara wa mbuzi mwenye sauti isiyohitaji kipaza, alisimama mtaani Bulla Pesa akatangaza kwamba ndege ile iliangushwa na babu yake, Aule. Tena hakutumia bunduki. Alitumia mkuki. Watu wakashangilia hadi vumbi likatimka, kwa maana mkuki ulikuwa mtamu kuliko risasi.

Godana akamwita Maryan, binti ya mdogo wake, mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari mjini. Maryan alimkuta uani, shavu limejaa miraa, mbele yake bango jipya la kampeni. Mchoraji wa bango, Mutea, alikuwa ametoa picha ya ndege kwenye mtandao akaiwasha moto kwa kompyuta. Madirisha yalikuwa mengi, yamepangana kutoka kichwani hadi mkiani.

"Baba Mkubwa, hii ni ndege ya mahujaji," Maryan alisema.

"Ndiyo maana nimekuita. Wewe ndiye ulisomea mambo ya zamani. Nitafutie ushahidi. Huyo rubani aliitwa nani, alitoka wapi, alikufa aje."

"Na ushahidi ukisema kitu kingine?"

"Ushahidi hauna mdomo. Mdomo ni wako, na wewe ni wa kwetu."

Maryan alikubali, lakini si kwa ajili ya kura. Tangu utotoni alikuwa amesikia habari za babu yake na risasi yake, wala hakuwahi kusikia mtu akisema lolote kuhusu aliyekuwa ndani ya ndege. Alikuwa Mtaliano tu, basi, kama vile nzige ni nzige.

Jina alilipata kwa urahisi kuliko alivyodhani. Kumbe wapo wazee huko Ulaya ambao kazi yao ya uzeeni ni kutafuta ndege zilizopotea vitani, na mmoja wao akamuunganisha na Chiara, mwalimu mstaafu wa kaskazini mwa Italia. Rubani alikuwa kaka ya nyanya yake. Wakaongea kwa simu ya video, kila mmoja akikivunja Kiingereza kwa namna yake.

Aliitwa Renato Bolzoni, mtoto wa mwoka mikate. Alipofundishwa kurusha ndege alifeli kutua, akatua kwenye shamba la zabibu la padri, na bado wakampa ndege, kwa sababu vita haichagui sana.

"Alipigana na ndege tatu za Waingereza akateketea angani," Chiara alisema, akigeuza simu imwonyeshe picha na nishani ukutani. "Ndivyo jeshi lilivyomwambia mama yake."

Maryan akajumlisha kimoyomoyo. Risasi, mkuki, na sasa ndege tatu. Kijana wa watu alikuwa ameuawa kuliko kawaida.

Wikendi akaenda Kulamawe kwa Sabdio, dada mdogo wa Guyo, ambaye ukoo mzima ulimwita Akko, yaani nyanya. Alikuwa mtoto wakati wa Vita Kuu ya Pili, na sasa alikuwa kikongwe mwenye kasoro moja iliyofanya asialikwe harusini: alisema kila kitu.

"Salaam aleikum, Akko."

"Aleikum salaam. Umenenepa. Ni mume ama ni chapati?"

"Ni chapati, Akko."

"Afadhali. Chapati haisumbui."

Maryan alipouliza habari za ndege, Akko Sabdio akacheka hadi shuka ikamtoka begani.

"Guyo aliangusha nini? Ile ndege ilikuwa inakohoa tangu mbali, kama mbuzi wa homa ya mapafu. Mafuta yalikuwa yamekwisha, ikaja ikakaa chini yenyewe. Ni kweli, Guyo alipiga risasi. Alipiga ngamia wa mama."

"Ngamia?"

"Ngamia wa maziwa! Tukamchinja mbio kabla hajafa. Yule kijana akatoka kwenye ndege mikono juu, mweupe kama unga wa ngano, akakuta watu wote wamezunguka ngamia. Hakuna anayemwangalia. Akasimama hivyo, akachoka, akashusha mikono mwenyewe."

Wakampa nyama. Akala kama mtu aliyetumwa kuimaliza. Halafu akaletewa maziwa ya ngamia, na hakuna aliyekumbuka kumwonya yanavyolifanya tumbo geni. Kuanzia hapo Renato Bolzoni akawa mkazi wa kichakani zaidi ya nyumbani.

"Siku moja akachuchumaa juu ya kifutu," Akko alisema. "Yule nyoka mnene, mvivu, asiyemkimbia mtu. Akamuuma hapa." Akajipiga tako la kushoto.

"Wazee wakasema sumu inyonywe. Nani anyonye? Wakamgeukia Guyo: wewe ndiye ulikuwa unajigamba ati huyu ni mateka wako, haya, mnyonye mateka wako. Guyo akapaangalia pale mahali. Mtu tumbo linamwendesha tangu juzi, na kuoga hajaoga. Guyo akasema hapana. Wakambembeleza. Akasema afadhali anyonye kifutu."

Maryan akacheka hadi chai ikampalia. Alipoinua uso, Akko alikuwa ameacha kucheka.

"Alikufa siku ya pili. Alikuwa amevimba hadi mguuni. Mimi ndiye nilikuwa nampa maji. Alikuwa ananishika kidole, ananiita jina la mtu mwingine. Tukamzika vizuri. Mawe yake yako pale nyuma ya kilima."

Maryan alimpigia Chiara akamwambia yote, bila kupunguza.

"Alikuwa peke yake?" Chiara akauliza.

"Hapana. Kulikuwa na msichana mdogo amemshika mkono."

Chiara akafuta macho. Kisha akauliza ni tako lipi, na alipoambiwa akaanza kucheka huku bado analia, akasema sasa nishani ile itabidi ishushwe kidogo pale ukutani.

Godana, alipoelezwa, hakucheka. "Hiyo ya ngamia tutaacha," alisema. "Ya maziwa tutaacha. Ya tako, usithubutu."

"Inabaki nini?"

"Inabaki Mtaliano amekufa."

Basi siku ya mdahalo wa wagombea ikafika, ukumbi wa Bulla Pesa ukajaa hadi madirishani. Godana akaleta risasi yake, Akolong akaleta mkuki wake, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka swali lilikuwa la zahanati. Walikuwa wamekunjana mashati wakati Akolong alipopiga kelele: "Si binti ya ndugu yako amechunguza? Aseme yeye!"

Wanafunzi wa Maryan waliokaa nyuma wakaanza kuimba, "Tichaa! Tichaa!"

Maryan alisimama akitaka kusema mawili matatu ya kupoza mambo. Lakini alipofungua kinywa alimwona mawazoni yule rubani amesimama mikono juu, hakuna anayemwangalia, na akasikia aibu. Akasema jina lake. Akasema baba yake alioka mikate. Kisha akaendelea, mafuta, ngamia, maziwa, kifutu, na alipofika pale alipokatazwa kufika, ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja alianguka na kiti chake cha plastiki, na hata huko chini aliendelea kucheka.

Vicheko vilipopungua, Akolong akachukua kipaza sauti kwa heshima.

"Ndugu zangu, nimefikiria vizuri. Babu yangu Aule siku hiyo hakuwa Kulamawe. Hata mkuki alikuwa ameazimisha. Huyo mzungu, pamoja na tako lake, ni wa Godana."

Wote wawili walishindwa. Kiti kilichukuliwa na mama mmoja ambaye kampeni nzima hakutaja ndege hata mara moja.

Godana alimnunia Maryan kwa majuma mengi. Mtaani vijana walimwita Godana Kifutu. Halafu siku moja akaja kwake bila miraa shavuni, akasema twende Kulamawe.

Alikaa kwenye mkeka mbele ya Akko Sabdio kama mtoto aliyeitwa. "Shangazi, kwa nini baba alitudanganya?"

"Nyinyi mlikuwa hamjazaliwa," Akko alisema. "Guyo alikuwa kijana, ndevu hazijaota. Tulipomzika yule mtu, akawa hali chakula na wenzake. Alikuwa anasema, mtu amekufa kwa sababu mimi nimeona kinyaa. Akakonda. Halafu siku moja kisimani mgeni akamuuliza ndege ilianguka vipi, akajibu, niliipiga mimi. Siku hiyo akala. Sasa mimi ningemnyang'anya akiwa hai?"

Godana akatazama chini. Maryan akamsogelea.

"Baba Mkubwa, mambo ya kunyonya sumu hayasaidii. Hata hospitali wanakataza."

"Unasema angenyonya, Mtaliano hangepona?"

"Hangepona."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Godana akavua kofia, akapangusa uso wote, machozi na jasho pamoja. "Ya Allah. Mzee amebeba hiyo kitu hadi kaburini. Na angenyonya, angekuwa ameonja bure."

Akko Sabdio akaangua kicheko, akashika mbavu, na Godana naye akashindwa kujizuia.

Baadaye walipanda nyuma ya kilima. Mbuzi walikuwa wametawanya mawe, na Godana, suruali yake ya kampeni ikiwa imekunjwa hadi magotini, akayarudisha moja moja. Alipomaliza akauliza kama inafaa kumwombea mtu asiye Mwislamu. Akko akamwambia aombe tu, kupanga dua iende wapi ni kazi ya Mungu. Basi akainua mikono na kumtaja marehemu kwa jina, akakosea, akarudia, akakosea tena vibaya zaidi, na Maryan akasema, "Amin."