Nusu Kilo ya Kamba

Uvundo ulinipokea mlangoni kabla sijavua viatu, nikitoka safari ya siku nne. Haukuwa wa choo wala wa panya aliyefia darini. Harufu hizo mbili ninazijua. Huu ulikuwa na shombo, na utamu fulani kama wa kidonda kilichofungwa siku nyingi, na ulitoka katika chumba changu cha kushonea.

"Shemeji!" niliita. "Nani amekufa humo?"

"Hajafa mtu, shemeji," alijibu mdogo wa mume wangu, akatoa kichwa mlangoni na ndevu zake zote. "Maji yanakomaa."

Chumba kile ndicho riziki yangu. Mna cherehani mbili, meza ya kukatia, na wakati ule mlikuwa na majoho ya kwaya ya kanisani kwetu, meupe, yenye kola za samawati, yametundikwa kwenye bomba la chuma kutoka ukuta hadi ukuta. Jumapili kwaya ilikuwa inakwenda kuimba kwenye mkutano mkubwa. Mwalimu wa kwaya alikuwa amesema mbele ya kamati kwamba nikiwatoa vizuri, sare zote za kanisa zitashonwa kwangu, na nikiwaangusha watarudi kwa fundi wao wa zamani. Kitambaa kile nilikiombea kabla ya kukitia mkasi.

Na humohumo, kwa kuwa ndimo mna sakafu iliyonyooka na soketi nzima, shemeji aliweka tangi lake la samaki wa maji chumvi. Daktari mmoja wa meno alimwahidi kwamba akiweza kusimamisha moja nyumbani kwa gharama ndogo, atampa kazi ya kuweka na kutunza jingine pale wagonjwa wanaposubiri. Mume wangu akasema tumpe nafasi, damu ni nzito. Nikakubali.

Mwanzoni sikuona ubaya. Kioo alikipata kwa jirani aliyekuwa akifugia kobe. Akakikwangua, akaziba ufa kwa gundi. Kichungi alikiunda kwa ndoo ya rangi na sponji. Alikata chupa kubwa ya maji ya kunywa, akaitundika ukingoni mwa tangi na kuingiza mpira wa hewa ndani yake, ili povu lipande na uchafu na kumwagikia kwenye kikombe. Kitu kipya kilikuwa chumvi tu, ile ya pakiti maalumu, kwa sababu muuzaji wa samaki wa mapambo alimwapia kuwa ya jikoni itawaua.

Muuzaji huyohuyo alimweleza jambo jingine. Maji mapya hayana vijidudu vya kula uchafu wa samaki. Ipo dawa ya chupa ya kuvileta, lakini bei yake inauma. Asiye na dawa hutumbukiza kamba mmoja mbichi, akamwacha aoze, akasubiri wiki kadhaa mpaka vijidudu vizaliwe. Ndipo alete samaki.

"Yaani kamba mmoja ndiye ananuka hivi?" nilimuuliza.

Alikuna ndevu. "Mmoja angechelewa, shemeji. Nimeweka nusu kilo."

Nilisogea nikatazama, na hadi leo najuta. Maji yalikuwa yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Kamba walikuwa wamevimba na kuota manyoya ya ukungu. Vichwa vilikuwa vimeachana na miili, na macho meusi yalielea peke yake, yakizunguka kila pampu ilipopuliza. Juu kulikuwa na utando kama ngozi ya supu iliyolala. Kila kiputo cha hewa kilitoboa utando ule, kikapasuka, kikatema uvundo usoni mwangu.

"Mvumilivu hula mbivu, shemeji," nilimwambia. " Wewe umenipikia mbovu."

"Kwa nusu kilo, wiki moja tu tumemaliza."

"Ukisukuma gunia zima la kuni chini ya chungu, hupiki haraka. Unaunguza. Litoe tangi lako."

"Nivumilie mpaka Jumamosi tu. Nikiyamwaga sasa nitaanza sifuri, na daktari ataita mtu mwingine." Alikuwa karibu kulia, mwanaume mzima.

Niliyafunika majoho kwa mashuka, nikaacha dirisha wazi. Kila nilipoingia kushona nilijifunga kitambaa puani na kusema, "Bwana, nipe uvumilivu, na kama hutanipa uvumilivu, nipe mafua." Mume wangu alicheka sana aliposikia sala hiyo. Yeye hakuwa akikaa mle.

Jumamosi asubuhi niliingia kupiga pasi. Uozo ulikuwa mwingi kuliko uwezo wa ile chupa. Povu lilikuwa limepanda, likajaza kikombe, likafurika, na majoho ya mwisho kwenye bomba, yaliyokuwa yakigusa ukingo wa tangi, yalikuwa yamelinyonya kupitia shuka. Niliondoa shuka. Weupe ulikuwa umegeuka rangi ya usaha. Nilishika kola na vidole vikateleza kama nimeshika ulimi wa mtu. Kitu chembamba kilikuwa kimenata pale shingoni. Kilikuwa mguu wa kamba.

Nilipiga kelele. Mume wangu akaja na mswaki mdomoni, akatazama, akatoka, akarudi na kitambaa chenye maji na chupa ya marashi yangu. Alifuta kola, akapuliza.

"Tatizo limekwisha," alisema. "Kwaya ni watu wengi. Nani atajua nani ananuka?"

Harufu ya waridi ilipanda juu ya ile ya kamba, zikashikana. Hapo ndipo nilipotapika, kwenye kapu la vipande vya kitambaa.

"Kuna dada wa watu atavaa hili shingoni," nilimwambia nilipoweza kusema, "afumbue mdomo amsifu Mungu."

"Shingo yake, pesa yetu." Alitabasamu, akaendelea kupiga mswaki.

Nilimtazama akisugua meno yale, povu jeupe likimtoka pembeni mwa midomo, na kile kinyaa nilichokuwa nacho kwa tangi kikahama, kikamkalia yeye. Shemeji alikosea kwa haraka. Huyu hakuwa na haraka yoyote.

Mwalimu wa kwaya, mama mfupi mwenye sauti nzito, alibisha hodi kabla sijamaliza kudeki. Mume wangu alinikonyeza, tayari ameshayakunja majoho yote na yale machafu chini kabisa. Nikayatoa ya chini nikayaweka juu.

"Mama, haya yameharibika," nilisema. "Na mengine yote yameshika uvundo. Nusa mwenyewe usije ukanusia mkutanoni."

Alinusa. Akarudi nyuma mpaka kizingitini.

"Mwanangu, ulikuwa unashona au unavua?"

Nilimwonyesha tangi. Alilitazama akiwa ameziba mdomo kwa mtandio, macho yamemtoka.

"Tutaimba na nguo zetu za nyumbani," alisema mwishowe. "Afadhali umesema kabla hatujavaa. Lakini kamati, mwanangu... sina la kuwaambia. Sare zitarudi kwa fundi wa zamani."

"Najua, mama."

Alipoondoka, nilimkuta shemeji ameshika mpira wa maji. Alikuwa amesikia yote. Hakuniomba muda tena. Alitia ncha moja ndani ya tangi, akatoa nyingine dirishani, akainama akavuta kwa mdomo ili maji yaanze kushuka. Yalishuka. Ya kwanza yalishukia kooni kwake. Alitoka mbio mpaka uani, akashika ukuta, akatapika huku akiita mama yake, naye mama yake yuko hai na anakaa mbali.

Mume wangu alicheka mpaka akaegemea mlango. Wakati huohuo jicho la kamba liliziba mpira, maji yakakatika. Nikauchomoa, nikaugonga, jicho likadondoka, kisha nikamkabidhi yeye ile ncha iliyolowa.

"Mbona mimi?" aliuliza.

Nilisimama tu mbele yake mpaka kicheko kikamwisha, akapiga magoti.

Nilibeba majoho uani. Nilimpa shemeji maji safi asukutue, kisha nikamimina ya moto kwenye karai na kuanza na ile kola. Nilitaka kuomba, lakini sala yenyewe ilinuka kamba, nikaiacha mdomoni bila maneno na kusugua. Ndani nilisikia mume wangu akivuta, kisha akikohoa, kisha akiniita kwa jina. Nikaongeza sabuni.