Dhamana Iliyokataa Kufika Lindi

Mimi si mtu wa ndoto, ila usiku wa jana niliota nimesimama kwenye ghala letu la korosho, Lindi, na ghala halina paa. Nilikuwa na haraka. Mimi ndiye katibu wa ushirika, na asubuhi nilitakiwa kusaini fomu ya mabati mapya. Yale ya zamani yaliliwa na kutu, mvua ikaingia, korosho za watu zikaoza.

Juu ya mbao za kenchi amelala kifudifudi mwenyekiti wetu, Bwana Likwata, na suti yake ya mikutano. Sikushangaa. Kila mkutano tunamwambia kwamba yeye ndiye paa letu.

"Katibu, unachelewa. Jua linanichoma."

"Natafuta bati, Mwenyekiti."

"La buluu, linalong'aa. Nataka lionekane tokea barabarani."

"Nilifikiria alumini."

"Haina sura."

Msumari mmoja unapanda shati langu mpaka begani, unakohoa kwa adabu. "Samahani, Katibu. Huyu tunampigilia mgongoni au bondeni? Bondeni ndiko maji yanakopita. Atavuja."

"Huyu ni mtu."

"Nimeuliza mgongo uko wapi."

Nikauonyesha. Mwenyekiti akaniambia nifanye haraka.

Nageuka, ghala limekuwa stendi ya mabasi. Bati la buluu linashuka kwenye basi likiwa bado na nailoni yake. Nyuma yake anashuka bwana mnadhifu mwenye mkoba, ananipa mkono.

"Naitwa Dhamana. Miaka ishirini bila kutu. Popote bati hili liendapo, nami nipo."

Nilifurahi nusura nilie. Tukaondoka watatu kwa miguu. Mimi nakazana, wao wanatembea kama wamealikwa harusini, na barabara inazidi kurefuka. Tulipofika kilimani, pale bahari inapoanza kuonekana, Dhamana akaweka mkoba chini na kuukalia.

"Twende, bwana. Mwenyekiti anaungua."

"Mimi siendi penye harufu ya bahari."

"Si umesema popote?"

"Hiyo ni mbele ya karatasi. Nyuma nimeandika mengine."

Kutoka mjini anapanda mama mmoja mnene, kanga nyeupe pee, hana haraka hata kidogo. Ni Chumvi. Hasalimii. Analiramba bati la buluu pembeni, mara moja tu, na bati linatoboka. Dhamana anatazama upande mwingine.

"Na alumini?" namuuliza.

"Yule ananichosha. Nimemramba miaka na miaka, bado yupo." Akanitazama. "Lile lenu la zamani nililila wewe ukiwa umekaa ofisini. Mama Somoe, mwanachama wenu, alileta magunia sita ya korosho, akarudi nayo yana ukungu. Ulishindwa kumtazama usoni."

Ni kweli, nilishindwa. Niliona aibu hiyo upya, hukohuko ndotoni.

Akachomoa kalamu kwenye mfuko wangu wa shati. "Utaipata ukisoma nyuma."

Kwa mbali mwenyekiti anaita, "Katibu, mvua," na tone la kwanza linanipiga kwenye paji la uso.

Nikaamka, kumekucha. Fomu ya bati la buluu ilikuwa mezani nilipoiacha, bado haina saini. Kalamu niliyoiweka juu yake haikuwapo. Sisi kwenye ushirika hatuna desturi ya kugeuza fomu. Mwenyekiti huweka alama ya X panapotakiwa saini, nami nasaini hapo. Miaka tisa nimefanya hivyo.

Nikaigeuza. Kalamu ilikuwa imelala chini yake, ncha imeelekea mstari wa herufi ndogo: dhamana haihusu majengo yaliyo ndani ya kilomita mbili kutoka baharini. Ukisimama kwenye mlango wa ghala letu unasikia mawimbi.

Kalamu ilikuwa na vumbi jeupe. Nikairamba. Chumvi.

Nikavaa viatu. Mwenyekiti alikuwa ananisubiri ofisini, lakini nilianzia kwa Mama Somoe.