Kazini Tangu Januari

"Vaeni taratibu, msizichafue," alisema Enock, karani wa kiwanda, akigawa ovaroli za bluu ambazo bado zilikuwa kwenye mifuko ya nailoni. "Saa tisa nazikusanya zote."

Cornelia alimsikia, lakini maneno hayo hayakumkaa. Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi. Upepo wa Julai uliingia hadi kwenye mifupa, na watu ishirini na watatu walikuwa wamejikunyata mbele ya geti, sweta juu ya sweta, wakisalimiana kama watu waliotoka safari moja ndefu. Hawakuwa wamekutana pale tangu Novemba 2008, siku walipokuta karatasi imebandikwa getini: kiwanda kimesimamisha kukamua alizeti kutokana na mtikisiko wa uchumi duniani. Zenon, fundi wa mota, ndiye aliyeisoma kwa sauti. Mtu mmoja aliuliza mtikisiko huo umetokea wapi. Zenon akajibu kwamba karatasi haijasema. Wakatawanyika.

Miezi ishirini ilikuwa imepita. Katika miezi hiyo Cornelia aliuza migebuka mikavu kutoka Kipili, kwenye meza moja katika soko la mjini Sumbawanga, na kwa meza hiyo alimlisha na kumsomesha mwanawe Adriano. Jumamosi Enock alipita sokoni, akainama kama anayechagua samaki, akamwambia, "Jumatatu tunawasha mashine. Njoo na kitambulisho chako cha zamani." Jioni ileile, mbele ya macho ya Zenon aliyekuwa akipita sokoni, Cornelia alimwachia Lucia meza. Lucia alikuwa akiuza nyanya chini, kando yake, kwa karibu miaka miwili. Meza isiyokuwa na mtu sokoni haimalizi siku mbili kabla haijapewa mwingine, na Cornelia aliona heri aipate mtu anayemfahamu.

Alipomaliza kuvaa alikwenda moja kwa moja kwenye chujio, mahali alipofanyia kazi miaka tisa. Fremu zilikuwa zimepakwa rangi mpya ya kijani. Akapitisha mkono katikati yake. Vitambaa vya kuchujia havikuwepo. Kulikuwa na kinyesi cha panya tu, kikavu.

Akaenda kwa Zenon, aliyekuwa amepiga goti mbele ya mota.

"Zenon, vitambaa viko wapi? Mafuta yatapitaje?"

"Hakuna mafuta, Mama Adriano."

"Sasa tunakamua nini?"

Zenon alimwonyesha kwa bisibisi. Mota ilikuwa mahali pake, mashine ya kukamua ilikuwa mahali pake, lakini mkanda unaoziunganisha ulikuwa umetolewa. Mota ingenguruma kutwa nzima bila mashine kuzunguka hata mara moja.

"Mkanda uliuzwa mwaka jana," Zenon alisema. "Wanataka ngurumo tu. Kuna wageni."

"Ulijua?"

"Tangu Ijumaa."

"Ukaniona nampa Lucia meza yangu, ukakaa kimya."

"Nilidhani unampa ya siku moja." Zenon alisimama, akafuta mikono kwenye kitambaa badala ya ovaroli. "Na usipandishe sauti. Posho ni elfu kumi. Nina watoto watano, mwenzio."

Kabla hajamjibu, meneja Maximilian alipiga makofi kuwaita. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyezoea kuongea huku akitazama saa.

"Ndugu zangu, wanakuja wataalamu. Wanapita mkoa kwa mkoa kuangalia kanda yetu imeinukaje baada ya mtikisiko, na mbele kunaonekanaje. Wakiona kiwanda kinafanya kazi, wataandika vizuri, na benki itatufungulia mkopo. Tukipata mkopo tunafungua kweli. Kwa hiyo mkiulizwa, semeni tumerudi kazini tangu Januari. Basi. Hamjaua mtu."

Hakuna aliyepinga. Cornelia naye hakupinga. Alirudi kwenye chujio akijipa moyo kwamba kusema Januari badala ya Julai si jambo kubwa, kama mwisho wake ni kazi. Vijana wawili wakamaliza kupanga magunia ukutani. Alipoegemea moja aliona linabonyea kama godoro. Akaingiza kidole kwenye mshono. Pumba. Magunia ya juu peke yake ndiyo yalikuwa na alizeti. Kwenye meza ya kufungashia walipanga madumu ya mafuta ambayo Enock aliyanunua kwa mkamuaji mdogo wa kule Chala, na sasa alikuwa akiyabandika nembo ya kiwanda kwa gundi ya karatasi.

Magari matatu meupe yaliingia saa tano. Zenon akawasha mota. Kelele ilijaa bati lote, vumbi likaanguka kutoka kwenye kenchi, na wafanyakazi wakaanza kwenda na kurudi wakibeba ndoo tupu.

Mkuu wa msafara alikuwa mwanamke wa makamo, mchumi kutoka Dar es Salaam, mwenye viatu vya ngozi laini na jalada chini ya kwapa. Alikuwa na heshima. Alimsalimia kila mtu. Alipofika kwenye chujio, Maximilian akamwashiria Zenon apunguze mota.

"Huyu ni Mama Cornelia Kasmir, mmoja wa wafanyakazi wetu wa muda mrefu," meneja alisema.

"Habari za kazi, mama?"

"Nzuri."

"Umerudi lini?"

"Januari."

"Hongera sana." Mchumi alifungua jalada, akapitisha kalamu kwenye orodha. "Kasmir... Eeh, nimekuona. Sasa nieleze kwa maneno yako mwenyewe. Zile fedha za kunusuru ajira, zile zilizoletwa ili mtikisiko usiwaache barabarani, zimekusaidiaje? Naona umelipwa mishahara yote, Januari hadi Juni."

Cornelia alidhani hakusikia vizuri kwa sababu ya mota. "Nani amelipwa?"

"Wewe. Si hii saini yako?"

Akamgeuzia karatasi. Kulikuwa na majina ishirini na matatu. Jina lake lilikuwa la nane, na mbele yake saini sita, kila mwezi moja, zenye mkia uliopinda vizuri. Cornelia alikuwa akiandika jina lake herufi moja moja, kubwa, kama alivyofundishwa darasa la pili. Chini yake aliona jina la Zenon lenye mkia uleule.

Januari alikuwa ameuza sweta la Adriano ili mtoto arudi shule. Machi alilala na homa siku tisa bila kwenda zahanati. Aliyakumbuka hayo, akakitazama kiatu cha Maximilian kikigonga sakafu polepole.

"Hiyo siyo yangu," alisema. "Mimi nimeingia humu leo asubuhi."

Maximilian alicheka. "Mama huyu anapenda utani."

"Sitanii. Ovaroli hii narudisha saa tisa. Mashine haina mkanda, mwulize fundi huyo hapo. Zenon! Mwambie dada."

Zenon alikuwa ameinama juu ya mota, amempa mgongo. Hakugeuka.

"Mama, tusonge," Enock alisema, akamshika kiwiko. Cornelia akajichomoa. Alilifikia gunia la katikati, akashika uzi wa mshono na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Gunia likafunguka, la juu yake likaporomoka, na pumba zikamwagika sakafuni hadi kwenye viatu vya mgeni.

Mchumi alirudi hatua moja nyuma, akazitazama pumba, akamtazama meneja. Kwa kitambo kidogo Cornelia aliamini kwamba mambo yamebadilika. Kisha yule mgeni akatoa karatasi laini kwenye mkoba, akapangusa kiatu kimoja, akapangusa cha pili.

"Masuala ya malipo ni ya ndani, kati yenu na uongozi," alisema. "Sisi tunaangalia mwelekeo wa jumla."

"Jumla ipi, kama sisi hatumo?"

Mchumi alifunga kalamu. "Ratiba yetu imebana, Bwana Maximilian. Mtunyooshee hilo kabla taarifa haijafungwa."

Walipiga picha nje, mbele ya bango la kiwanda, kisha magari yakaondoka. Enock alimvua Cornelia ovaroli mbele ya watu, akamsukuma nje ya geti kabla ya saa sita. Wengine walitoka saa tisa. Hawakupewa posho. Maximilian alikuwa amewaambia wamdai Cornelia.

Cornelia alikuwa bado amekaa ng'ambo ya barabara, akimsubiri Zenon ili amwambie juu ya saini. Zenon alimsikiliza hadi mwisho.

"Najua," alisema. "Wote tunajua kuna kitu kililiwa. Ulitaka nifanye nini, nikatapishe watu? Leo ningelala na elfu kumi. Wewe umetupa nini?"

"Jina lako limo, Zenon. Miezi sita."

"Jina haliliwi." Akatema mate kando ya miguu yake, akaondoka na wenzake. Hakuna aliyemwambia Cornelia kwaheri.

Sokoni Lucia alimwona kutoka mbali, akaanza kuzipanga upya nyanya zake ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Shoga, nimerudi," Cornelia alisema.

"Nimesikia. Mjini hapa habari zina miguu."

"Naomba hata nusu ya meza."

"Asubuhi nimelipa ushuru wa mwezi mzima. Kwa jina langu." Lucia hakuinua macho. "Ulipokuwa juu mimi nilikaa chini miaka miwili, hukuniita hata siku moja. Nafasi ya chini ipo palepale."

Ilikuwa kweli. Cornelia akatembea hadi nyumbani kwake Milanzi.

Jua lilikuwa likizama nyuma ya paa aliposikia pikipiki. Enock aliisimamisha mlangoni bila kuzima. Alikuwa na jalada jipya, na safari hii sauti yake ilikuwa laini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mambo ya mchana yaishe. Hii ni karatasi ya kuthibitisha kwamba ulipokea mishahara yako. Wenzako wote wameshasaini. Kila mmoja elfu hamsini mkononi, Zenon alikuwa wa kwanza. Na kiwanda kikifunguliwa, jina lako litakuwa juu."

Akatoa noti tano za elfu kumi, akaziweka kwenye kiti cha pikipiki, na kalamu juu yake. Ndani ya nyumba kulikuwa na kibaba kimoja cha unga, na ada ya Adriano ilikuwa haijalipwa. Cornelia alizitazama noti muda mrefu hadi upepo ukatingisha kona zake na Enock akazibana kwa kidole.

"Saini, mama, nasubiriwa kiwandani."

"Sisaini."

"Umefikiria?"

"Nilifanya kazi pale miaka tisa, kila shilingi nilisaini kwa mkono wangu. Hiyo sikuipata. Sisaini."

Enock hakukasirika. Alitia noti mfukoni, akaliegemeza jalada kwenye tangi la pikipiki, akachukua kalamu. Pale pale mbele yake, bila haraka, akaandika: Cornelia Kasmir. Akauvuta mkia, akaupinda vizuri mwishoni, akapuliza wino ukauke.

"Haya, mama. Usiku mwema," alisema, akatia gia.