Kikasha cha Matundu Mawili

Benedikta Malimi alikuwa na kompyuta moja mjini Bariadi, aliyoitumia kuchapa barua na mitihani ya shule. Chumba cha nyuma alikiwamba mwenyewe kwa magunia ya pamba chafu, ukuta hadi ukuta, mpaka mngurumo wa mashine ya kusaga ya jirani ukafifia. Kilichobaki ni saundi kadi, kikasha cha kuunganisha maiki na kompyuta. Bila hicho, kila alichorekodi kilitoka na mvumo kama wa nyuki.

Aliyetaka kumrekodi kwanza ni baba yake, mzee Malimi wa Kasoli, aliyeongoza nyimbo za kulimia kwa miaka arobaini. Tangu apasuliwe koo mwaka uliopita, sauti yake ilikuwa nyembamba, na kila mwezi ilizidi kupungua.

Lakini Dastan, mwalimu wa kwaya parokiani, alikuwa na lake.

"Nunua yenye matundu manane, dada Benedikta. Kila kundi la sauti na maiki yake. Ukiwa nayo, kwaya yangu yote narekodia kwako. Ukikosa, nawapeleka Mwanza."

Kwa studio changa, hakuna kazi iliyoizidi hiyo. Wakapanda basi pamoja kwenda kuitafuta.

Miaka ile biashara na nchi za nje ilikuwa imeshafunguliwa, na maduka ya Mwanza yalijaa vitu kutoka Dubai. Muuzaji, Kasmiri, aliwawekea vikasha viwili mezani. Kimoja kipana, matundu manane, taa za kijani zikimetameta. Kingine kidogo, kizito, matundu mawili tu, bei ileile.

"Hiki kikubwa ndicho cha watu makini," Kasmiri akasema.

Benedikta akafungua furushi la kitenge, akatoa maiki yake na hedifoni. "Naomba nivisikie vyote."

"Mama, hapa tunauza, hatufanyi majaribio."

"Nami sinunui nisichokisikia."

Hakuondoka. Alisimama palepale na maiki mkononi, wateja wakampita huku na huku, mpaka Kasmiri akachoka na kuwasha kompyuta ya dukani.

Benedikta aliiweka maiki hatua moja mbele yake, akaimba kwa kunong'ona ubeti wa baba yake. Kwenye kikasha kikubwa ilibidi azungushe kitufe cha sauti hadi juu, na mchakacho kama wa mvua juu ya bati ukameza maneno. Akabadilisha waya, asije akakionea. Mvua ileile. Akahamia kikasha kidogo. Maneno yakaja yote, hata pumzi kati ya maneno.

"Nachukua hiki," akasema.

Dastan akamvuta pembeni. "Unaacha watu thelathini kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Namchukua asiyeweza kungoja, mwalimu."

Mwezi uliofuata Dastan aliwapeleka wanakwaya Mwanza kama alivyosema, na kanda yao ilitoka vizuri tu. Benedikta aliisikia sokoni Dutwa ikipigwa kwa sauti kubwa, moyo ukamuuma. Akanunua pamba chafu nyingine, akaziba pengo la dirisha.

Asubuhi moja baba yake akafika, wakaamkiana kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu, mama yangu." Mzee akakitazama kikasha, akatazama magunia. "Sauti yenyewe imekwisha. Utachukua nini hapa?"

"Imba kama unavyoongea nami sasa. Usiipandishe."

Akamsogezea maiki ikawa kiganja kimoja tu kutoka mdomoni. Mzee akafumba macho. Alianza kama mtu anayewaza, kisha mguu wake ukaanza kugonga sakafu, taratibu, mwendo wa jembe. Aliimba mvua za mwaka wa njaa, na walimaji aliowazika, na ng'ombe walioliburuta plau la kwanza kijijini, akiwataja mmoja mmoja. Benedikta hakugusa kitu. Macho yake yalikuwa kwenye mstari uliocheza kwenye skrini, mwembamba, haukatiki.

Walipomaliza alimvalisha hedifoni. Mzee alisikiliza bila kupepesa, machozi yakishuka kwenye ndevu. Ghafla akazivua.

"Futa."

"Kwa nini, baba? Umesikika neno kwa neno!"

"Ndiyo maana. Nimemruka dume mmoja wa plau, yule mweupe wa upande wa kushoto. Kila atakayesikia atajua nimemsahau." Akajiweka sawa kitini, akakohoa, akaisogelea maiki. "Washa tena."