Sauti Ndani ya Magodoro

Asubuhi hiyo Mama Pacha alikuwa akishona pindo la mwisho la godoro la watu wawili, kazi ambayo kiwandani kwao waliiita kufunga mdomo, aliposikia godoro linaimba. Akaondoa mguu kwenye cherehani. Wimbo ukaendelea. Ulikuwa wimbo wa kuabudu, wa taratibu, na ulitoka upande wa miguuni, pale ambapo sponji ilikuwa haijakaa vizuri. Alisikiliza kidogo, akaisukuma sponji ndani kwa kiganja, akamaliza kushona, akakata uzi. Aliyekuwa akiimba ni wifi yake, aliyekufa katika moto wa kiwanda hichohicho kabla ya mvua za mwaka ule.

Alimtambua kwa jinsi alivyouvuta mwisho wa kila mstari, kama mtu anayekunja shuka refu peke yake.

"Unasikia?" alimuuliza mwanamke wa meza ya jirani, ambaye kwa wembamba wake walimwita Sindano.

"Nasikia," alisema Sindano. "La kwangu jana lilikuwa na sauti ya pili. Nadhani ni yule dada aliyekuwa akikata vitambaa. Hebu nipe huo mkasi."

Mama Pacha alikuwa mwoga, wala hakuuficha woga wake. Aliichukua kazi ile kwa sababu wanawe pacha walikuwa wanakula kama nzige, na baba yao alikuwa kwenye safari ambayo hakuna aliyejua itaisha lini. Meza aliyopewa ilikuwa ya wifi yake. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepakwa rangi mpya, lakini jua likipiga bati, harufu ya masizi ilijitokeza chini ya rangi, na hapo mikono yake ililowa jasho mpaka kitambaa kikamteleza.

Kilichomtisha zaidi ni mlango. Kila asubuhi, wanawake wote wakishaingia, msimamizi aliuvuta ule mlango wa chuma na kuutia kufuli kwa nje, ili asitoke mtu na kitambaa ndani ya nguo. Ndani mlikuwa na sponji hadi darini na mapipa ya gundi, vitu ambavyo vikiona moto vinaukimbilia. Madirisha yalikuwa juu, yana nondo. Kufuli likilia, Mama Pacha aliinamia kamba za viatu vyake. Alizikaza, huku akijua fika hakuna pa kukimbilia.

Wakubwa waliokuja kuchunguza ule moto walisema mlango ulikuwa wazi, ila marehemu walipotezana katika moshi. Wakatoa pole, wakaondoka. Mama mkwe wake aliyakubali maneno hayo, maana yale mengine yasingemwacha alale.

Basi magodoro yakaendelea kuimba. Hakuna aliyeshangaa sana. Mteja mmoja alilirudisha lake akiwa amenuna, lakini malalamiko yake ni kwamba la jirani lilikuwa na wimbo mzuri zaidi. Meneja akambadilishia. Siku chache baadaye magodoro yalianza kutoka na kitambulisho kidogo pembeni: La Kuabudu.

Kanisani Mama Pacha alikuwa mtu wa harusi na misiba tu. Wifi yake alipokuwa hai alimwalika mpaka akachoka, na jibu lilikuwa lilelile: "Niombee tu, wifi, wewe ndiye mwenye sauti." Sasa alikuwa amekaa mbele ya sauti hiyo kutwa nzima, na mlango umefungwa, hana njia ya kuikwepa. Nyimbo zikamwingia hivyohivyo, bila hodi. Akajikuta akiosha vyombo na kiitikio mdomoni.

Asubuhi moja wifi alikatiza wimbo katikati, kama ilivyokuwa tabia yake hata enzi za uhai, akaanza kusema andiko. Akasema mtu asiogope, kwamba ameitwa kwa jina lake, kwamba ana mwenyewe. "Upitapo katika maji mengi," akaendelea, na hapo wapakiaji wakalibeba godoro kulipeleka kwenye lori. Sauti ikatoka nalo mlangoni. Kisha mlango ukafungwa tena.

Kutwa nzima Mama Pacha hakutulia. Jioni alimkuta mama mkwe wake jikoni akichambua mboga.

"Mama, yale maneno ya kupita katika maji mengi, mwisho wake ni nini?"

Yule mzee alijifuta mikono, akaenda chumbani, akarudi na Biblia ya bintiye, jalada limelegea. Hakuhangaika kutafuta. Kitabu kilifunguka chenyewe kwa nabii Isaya, kama mlango unaopitwa kila siku. Akasoma kwa sauti ndogo yale ya maji, na yale ya mito. Halafu akasoma yaliyofuata: kwamba aendaye katika moto hatateketea.

Mama Pacha akaondoa sufuria motoni.

"Kwa hiyo alidanganywa," alisema Mama Pacha. "Mama, tulimzika ndani ya shuka dogo. Si uliona? Wewe si uliona?"

"Niliona."

"Sasa unayasomea nini?"

"Sijui, mwanangu. Nayasoma kila siku tangu tumzike. Siku nisipoyasoma ndiyo ninayoogopa zaidi." Akalifunga lile jalada lililolegea. "Wewe uko naye kule kutwa. Muulize."

Kesho yake Mama Pacha aliacha upenyo katika pindo, akainama kama anayetafuta uzi uliopotea.

"Wifi. Uliteketea."

Wimbo ukakoma. "Niliteketea," lilisema godoro. "Niliogopa, wifi, nisikudanganye. Tulikwenda mlangoni, ulikuwa umefungwa kwa nje. Tukaupiga mpaka mikono ikaishiwa nguvu. Halafu yule dada wa vitambaa akaanzisha wimbo, nikadakia. Wengine wakaitikia. Tukawa wengi kuliko tulioingia asubuhi."

"Wengi vipi?"

"Kulikuwa na sauti moja nzito, si ya mtu wa zamu yetu. Iliimba nasi mpaka mwisho, na baada ya mwisho ikaendelea. Nami ndipo nilipo mpaka sasa. Sikuachwa peke yangu, wifi. Hata kidogo."

"Ni nani huyo?"

"Funga mdomo, msimamizi anakuja."

Mama Pacha akafunga mdomo wa godoro, na wa kwake. Machozi yalidondoka juu ya kitambaa, akayapitishia sindano.

Kuanzia siku ile magodoro hayakuishia kwenye nyimbo. Baada ya ubeti wa pili sauti ilisema, bila hasira, kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, kisha ubeti wa tatu ukaanza. Mji mzima ukawa unalalia maneno hayo. Jirani mmoja alimwambia Mama Pacha kwamba mumewe mwanzoni alikuwa akigeukia ukutani likifika hapo, ila sasa amezoea, anakoroma tu. Hata mmoja wa wale wakubwa waliochunguza moto alinunua lake. Alisema hajapata kulala vizuri vile tangu utoto.

Kisha likatokea la mota. Saa za mchana, watu wakiwa wamechoka, mota ya cherehani ya meza ya mwisho ilitoa cheche na moshi mweusi. Mtu akapiga ukelele. Wanawake wote wakakimbilia mlangoni kwa mkupuo mmoja, wakaupiga kwa ngumi, kwa viatu, kwa mikasi. Kwa nje hakuna aliyejibu. Msimamizi alikuwa amekwenda kula, na ufunguo mfukoni.

Mama Pacha hakuweza hata kusimama. Aliona moshi ukitambaa chini ya dari, akawafikiria pacha wake wakiwa mlangoni nyumbani wakimsubiri, akasema moyoni, "Bwana, sikujui vizuri, lakini wifi anakujua." Hakuwa amepata kuomba kabla ya hapo. Kisha akafungua kinywa na kuimba. Alianza juu mno, sauti ikakatika, akaishusha, akaanza upya.

Godoro lililokuwa mezani kwake likadakia. Yakafuata ya meza ya pili, na ya rundo la ukutani, mpaka chumba kizima kikawa kinaimba kwa sauti zote. Wanawake waliokuwa wakikanyagana pale mlangoni wakapunguza kusukumana. Sindano, ambaye kelele zilikuwa zimemziba akili, alikumbuka waya wa umeme. Akapita katikati ya moshi, akauchomoa, akaitupia mota tambara bichi. Moshi ukapungua. Sehemu ya sauti nzito katika ule wimbo haikuwa na mwenyewe, na kila mmoja aliisikia, na hakuna aliyegeuka kutazama.

Msimamizi alirudi akijichokonoa meno. Alifungua, akauliza kelele za nini, akasema mota itakatwa kwenye mishahara ya meza ya mwisho.

Siku iliyofuata Mama Pacha alikwenda ofisini kwa meneja. Alibisha hodi mara tatu badala ya moja. Aliimba chinichini mpaka akaitwa ndani.

"Baba, tunaomba mlango usifungwe kwa nje," alisema. "Jana tulikuwa tunakufa."

Meneja alikuwa mtu mpole. Alimkaribisha kiti. "Poleni sana. Nimesikia mliimba vizuri."

"Na waliokufa wanasema ulikuwa umefungwa. Magodoro yanasema."

"Najua, mama. Na mimi ninalo moja nyumbani. Likifika hapo mke wangu analia kidogo, halafu analala." Akapangapanga vitu mezani. "Wateja wanapenda kuabudu. Hayo ya mlango yanavumilika. Lakini nikiuacha wazi, kitambaa chote kitaishia sokoni, na mimi nitamweleza nini tajiri? Sikilizeni, kuimba sijawakataza. Imbeni."

"Kufunguliwa je?"

"Imbeni, mama."

Aliporudi kwenye meza yake, uso wake ulikuwa umeshasema. Sindano alimsogezea kikombe cha maji. Wiki hiyohiyo kufuli lililokuwa limeshika kutu lilitolewa, likaletwa jipya, kubwa zaidi.

Jumapili Mama Pacha aliwaogesha pacha wake, akamshika mkono mama mkwe, wakaenda kanisani. Alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, ambao ulikuwa wazi pande zote mbili. Watu waliposimama kuimba naye akasimama. Woga ulisimama pamoja naye. Hakuufukuza, aliusogeza kidogo, akapata nafasi ya kuvuta pumzi, na katika nafasi hiyo akaimba. Mama mkwe alimtazama kwa pembe ya jicho, akamfungulia Biblia, akamwekea kidole pa kusoma.

Mvua zilipoanza tena, kiwanda kiliajiri mjane mmoja wa makamo, mwanamke mwenye mabega mapana aliyewahi kushona sare za shule. Alipewa meza ya mwisho. Asubuhi ya kwanza, mlango wa chuma ulipovutwa na kufuli likalia kwa nje, aliinua kichwa ghafla.

"Wanafunga?" alimuuliza Mama Pacha.

"Wanafunga, dada."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mjane alitazama sponji zilivyopangwa mpaka darini, akatazama nondo za madirisha, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Na wewe huogopi?"

"Naogopa," alisema Mama Pacha. "Leta kiti chako hapa karibu."

Mjane akakivuta kiti chake, miguu ya chuma ikikwaruza sakafu. Mama Pacha akamsogezea kichwa cha godoro, akamwonyesha mahali pa kuanzia pindo na namna ya kuisukuma sponji ndani kwa kiganja.

"Wimbo wowote unaujua?"

"Nilishaacha kuimba siku nyingi."

"Hamna shida. Sikiliza kwanza," alisema Mama Pacha, na kwa pamoja wakainamisha vichwa juu ya kitambaa.