Sukari ya Panya

Mimi ni mtu wa kujua. Waulize watu wa kwetu Kangundo watakwambia Makau hakosi jibu. Ndiyo maana mama yangu, Syombua, alipopatikana na saratani ya utumbo, sikutaka kuwaachia madaktari peke yao. Tulimzika mwezi wa nane.

Nilikuwa kwangu Syokimau nilipokutana na makala kwenye simu kuhusu sukari adimu, ile ambayo matunda huwa nayo kidogo sana. Seli za saratani huivuta kwa pupa, kisha hushindwa kuitumia, zikadhoofika. Waliojaribiwa walikuwa panya, tena panya waliokuwa wakipewa pia dawa za kawaida za saratani. Hapo kwenye panya nilipita mbio.

Niliagiza kopo la unga wake. Halafu, kwa kichwa changu mwenyewe, nikaongeza sheria ambayo makala haikuwa nayo: vyakula vitamu vyote marufuku. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kangundo, nikaondoa jikoni kwa mama sukari, asali, ndizi mbivu na viazi vitamu. Wali na ugali pia nikavikataza, maana hugeuka sukari tumboni.

Dada yangu Kavutha, aliyekuwa akiishi na mama, akaniuliza, "Sasa huyu atakula nini?"

"Mboga. Na kijiko cha huu unga kila asubuhi."

"Makau, huyu ni mgonjwa."

Nilimkemea kama mtoto wa shule. Mama ndiye aliyetuamua. "Muache," alimwambia Kavutha. "Yeye amesoma."

Alitii, maskini. Kavutha alipiga simu kusema nguo zinampwaya mama, nikamjibu kwamba uvimbe ndio unaokufa njaa. Mungu anisamehe, nilisema hivyo, tena kwa furaha.

Siku ya kliniki, mjini Machakos, nesi alimpima uzito mara mbili. Kilo tisa zilikuwa zimekwenda. Daktari, mwanamke mpole, akavuta kiti karibu na mama.

"Mama, nyumbani unakula? Kuna chakula umeacha, ama dawa ingine ya kando?"

"Nakula vizuri, daktari," mama akasema. "Huyu ananiletea chakula mpaka nashindwa."

Daktari akanigeukia. "Ni ukweli?"

Lile kopo lilikuwa ndani ya mkoba niliokuwa nimeupakata. Sentensi moja tu ilitosha. Lakini nilikuwa nimeshamuuliza maswali mawili ya kumwonyesha kwamba mimi si mtu wa hivi hivi, na sasa niliona aibu.

"Ni ukweli," nikasema.

Akaandika kwa muda. "Basi ni hii dawa ya saratani imemshinda nguvu. Nikiendelea nayo nitamuua. Tuisimamishe, tumpatie tu ya maumivu."

Watu huniambia ugonjwa ungemchukua hata hivyo. Huenda. Sitajua kamwe, na mimi ni mtu wa kujua.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje apumzike. Mlango wa daktari ulikuwa wazi, nilimwona akipanga karatasi zake kabla ya kumwita mgonjwa mwingine. Mama alinishika mkono.

"Sikutaka akuone mjinga mbele ya watu," alisema. "Umehangaika sana na mimi, mwanakwa."

"Asante, mwaitu," nikamwambia, nikaenda kuleta gari.